Kinu Kisichoita Majirani

Samaki mia mbili na kumi na watatu walikuwa wameelea matumbo juu katika bwawa la pili la Laisani Tuvou. Katikati yao alielea mkunga mmoja, samaki wa umbo la nyoka, mnene, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

Huyo mkunga ndiye aliyemfanya Inspekta Vasemaca Rokotui apande gari.

"Dada yangu, polisi hatuchunguzi samaki waliokufa kwa ugonjwa," alikuwa amemwambia Laisani kwenye simu, Ijumaa jioni, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye mkoba wa kwenda nyumbani.

"Hawakufa kwa ugonjwa."

"Umejuaje?"

"Mkunga naye kafa. Miezi minane ananiibia samaki. Nimemtegea kila mtego niujuao, na hata siku moja sijamwona akiumwa."

Inspekta aliuweka mkoba chini. "Wadudu wa majini je?"

"Wote. Bwawa limenyamaza kabisa."

"Weka samaki kumi na wawili kwenye barafu. Na huyo mkunga. Bwawa lenyewe asiliguse mtu. Asubuhi nipo hapo."

Rokotui alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa milima ya Naitasiri, Fiji. Hakupenda mambo mawili: barabara ya Vunikura wakati wa mvua, na mtu anayejibu swali kabla halijaisha. Jumamosi asubuhi aliyapata yote mawili. Barabara ilikuwa tope tupu, na Sajini Avikesh Goundar, msaidizi wake, alidakia kila swali njia nzima.

"Afande, tukipata samaki mia mbili waliouawa, tunafungua mafaili mangapi?"

"Moja. Endesha."

Kiti cha nyuma alikaa Dokta Shaleni Prakash, daktari wa samaki kutoka chuo cha uvuvi. Yeye hakucheka. Majaribio ya dawa ya samaki yaliyokuwa kijijini Vunikura yalikuwa yake na Laisani, na Jumanne ijayo ndiyo siku iliyopangwa ya kuhesabu matokeo.

Kwetu huku milimani polisi haingii kijijini akaanza kuuliza maswali. Kwanza anafika kwa mkuu wa kijiji na fungu la mizizi ya yaqona, anapiga makofi, anaomba ruhusa. Mizizi inatwangwa, inakorogwa kwenye bakuli la mti, mnakunywa kwa kifuu cha nazi, ndipo mnaongea. Rokotui alifuata desturi hiyo barabara.

Mkuu wa kijiji aliitwa Semesa Drova. Alikuwa mtu mzima mwenye kifua kipana, mkarimu wa kupitiliza, na mwenye sauti inayosikika hadi ng'ambo ya mto. Laisani alikuwa mjane wa mdogo wake, kwa hiyo waliitana shemeji. Siku hiyo uani kwake watu walikuwa wakimenya mihogo na magimbi, maana alitarajia wageni saa sita: wakwe wa binti yake, watu wa pwani kutoka Rewa.

"Karibuni, karibuni sana! Ingawa mmejisumbua bure." Alipokea mizizi kwa mikono miwili. "Kesi hii haina fumbo. Shemeji yangu kawapikia samaki majani, samaki wamekufa. Jioni saa kumi na moja tuna mkutano. Tutatoboa kingo, mabwawa yote matatu yamwagike, yaishe."

"Umeshahukumu, Mkuu?"

"Mimi? Kijiji kimehukumu."

Kisha akamgeukia mkewe. "Nenda kwa Bibi Kelera ukaazime kinu."

Rokotui aliinua macho. Kinu cha Semesa kilikuwa maarufu bonde zima. Kilikuwa kinu cha chuma kilichotengenezwa kwa silinda ya lori, na vijiji vitatu vilikuwa vikikiazima kwa harusi zao. Wakati huo kilikuwa palepale ukutani, kimepinduliwa, kinachuruzika maji. Alikunywa yaqona iliyotwangwa kwa kinu cha kuazima, akapiga makofi matatu, akashukuru.

*

Laisani aliwasubiri ukingoni mwa bwawa. Alikuwa mwembamba, kavaa buti za mpira na shati la marehemu mumewe. Alionekana kama mtu ambaye hakulala, na kweli hakulala.

"Nieleze tangu mwanzo," alisema Rokotui.

"Mvua zilizopita niliingiliwa na ugonjwa. Perege wanatoka vidonda ubavuni, macho yanavimba, wanazunguka tu kama walevi, wanakufa. Bwawa la kwanza liliisha lote. Dokta huyu akasema ni bakteria."

"Dawa za dukani?"

"Tulizitumia hadi bakteria wakazizoea," alidakia Dokta Shaleni. "Maabara ilionyesha hazifanyi kazi tena. Ndipo tukajaribu majani. Ya mpera na ya mkungu, yanatwangwa, yanachemshwa, yanachujwa. Maji yake unatia manjano kidogo, unanyunyizia chakula cha samaki. Bwawa la pili wanakula chakula chenye dawa. Bwawa la tatu wanakula kitupu. Leo ni siku ya ishirini na moja."

"Kusudi la bwawa la tatu?"

"Kulinganisha. Yote mawili yalikuwa na ugonjwa sawasawa. Jumanne tungehesabu. Dawa ikithibitika, Vunikura ingekuwa kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki kwa bonde lote."

"Na wakitoboa kingo jioni?"

Laisani ndiye aliyejibu. "Kumekwisha. Akina mama kumi na wanne tulichimba mabwawa haya kwa majembe. Hakuna atakayechimba tena, Afande. Mimi mwenyewe sitakuwa na nguvu hiyo." Sauti ilimkatika, akaangalia pembeni. Rokotui alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamtia hasira, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa.

"Goundar! Vua viatu. Ingia majini."

"Mimi, Afande?"

"Unataka aingie daktari?"

Sajini alikunja suruali akaingia huku akimwomba kila mungu wa babu zake. Wakati huo Dokta Shaleni alitandika jani la mgomba juu ya meza, akavaa glavu, akapasua samaki wa kwanza. Akapasua wa pili. Akapasua watano. Kila mara aligeuza ubavu, akauangalia kwa kioo cha kukuzia, na kila mara uso wake ulizidi kubadilika.

"Inspekta, njoo uone."

"Nionyeshe kwa maneno ya mtu wa kawaida."

"Huyu alikuwa na kidonda hapa. Unaona? Kimefunga. Ngozi mpya. Huyu vilevile. Ini safi, figo safi, tumbo halina maji. Hakuna damu iliyovilia ndani." Alishusha kisu. "Samaki hawa walikuwa wamepona. Wamekufa wazima."

Laisani aliziba mdomo kwa mkono.

"Basi wamekufa kwa nini?" aliuliza Rokotui.

"Kukosa hewa. Tazama midomo, imeachama yote. Lakini maji haya nimeyapima, hewa imo. Kuna kitu kiliwazuia wasiitumie."

Rokotui aliinama akachota maji kwa kiganja, akanusa. Hakunusa kitu zaidi ya tope. Lakini alimkumbuka nyanya yake, miaka arobaini na zaidi nyuma, amesimama kwenye kijito na kikapu, watoto wanapiga kelele, samaki wanapanda juu huku wameachama midomo.

"Afande!" Goundar alikuwa kwenye mdomo wa mfereji uingizao maji, kazama hadi kiunoni. Aliinua gunia dogo la unga wa ngano, limefungwa kwa kamba, limejaa kitu kilichotwangwa. Nyuzi za mizizi, na utomvu mweupe ukichuruzika.

"Duva," alisema Laisani polepole.

Ndiyo, duva, utupa wa kwetu. Mtambaazi wa msituni ambao mizizi yake wazee waliitwanga na kuitia mtoni ili kulevya samaki. Siku hizi sheria inakataza, lakini hakuna mtu wa milimani aliyevuka miaka arobaini asiyejua unakoota.

"Tia kwenye mfuko wa vielelezo," aliamuru Rokotui. "Laisani, Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Ukumbini. Timu ya Fiji ilikuwa inacheza. Kijiji kizima kina televisheni moja. Nilikaa mbele kabisa, nimepiga kelele hadi sauti ikakauka. Niliporudi saa kumi kuwalisha, nikakuta haya."

"Nani alifika wa kwanza baada yako?"

"Shemeji Semesa. Hata sijamaliza kulia akasema, 'Ni majani yako hayo.' Akasema mbele ya watu kwamba majani kwenye maji ni mambo ya uchawi, na mfereji unashuka hadi watoto wanapooga."

"Mna ugomvi?"

Laisani alisita. "Jumatano alikuja kuomba samaki arobaini kwa ajili ya wakwe. Aliniomba mbele ya watu, kwa heshima zote. Nikamnyima."

Goundar, aliyekuwa akikamua suruali, aliacha kukamua. Kwetu ndugu akikuomba, humnyimi. Anaomba jembe, unatoa. Anaomba shati, unavua. Laisani alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

"Nilimwambia, shemeji, subiri Jumanne wahesabiwe, baada ya hapo chukua hata mia. Alicheka. Lakini niliuona uso wake."

*

Bibi Kelera aliishi nyumba iliyopakana na ya Semesa. Alikuwa na miaka themanini na miwili, meno manne, na masikio yasiyokosa kitu. Rokotui alimkuta barazani akisuka mkeka.

"Bibi, wewe hukwenda kutazama mechi?"

"Daktari kanikataza. Moyo. Mwaka juzi walipofungwa fainali nilizimia, wakaanza kuniimbia nyimbo za maziko. Keti, mwanangu. Unataka kujua nini?"

"Ulisikia chochote Ijumaa?"

"Nilisikia mambo ya aibu."

"Aibu gani?"

Bibi aliutupa mkeka. "Semesa alitwanga! Mechi imeanza tu, watu wote wako ukumbini, nikasikia kinu chake. Ngo! Ngo! Ngo! Nikasema, ahaa, mtoto wangu huyu ana akili, kaona niko peke yangu, anatwanga yaqona tunywe. Nikajifunga sulu yangu safi kiunoni. Nikakaa. Nikachukua kifuu changu kabisa."

"Akakuita?"

"Hakuniita! Nikangoja hadi kelele za mapumziko zikaja na kwenda. Kimya. Tangu niolewe kijiji hiki, miaka sitini na mitatu, sijasikia kinu kikatwanga kisimwite jirani. Hata wakati wa kimbunga tuliitana. Nimesikitika sana. Nimesema, Semesa kawa mchoyo uzeeni."

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani jambo la fedheha kama hilo? Wewe ni polisi, ndiyo maana nakushtakia."

Rokotui aliinuka akambusu bibi kwenye paji la uso, jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa mahojiano.

Nje alimkuta Goundar akitoka dukani, anatafuna biskuti.

"Afande, sikiliza. Alhamisi mwenye duka alimwuliza Mkuu Semesa kama amwekee samaki wa makopo kwa ajili ya ugeni. Mkuu akamcheka. Akasema, 'Wakwe zangu watakula samaki wabichi wa milimani.' Ijumaa saa kumi na moja jioni akarudi anahema, akachukua katoni nzima ya makopo."

"Jumatano kanyimwa. Alhamisi ana uhakika wa samaki. Ijumaa jioni hana."

"Tumkamate?"

"Kwa kununua makopo? Goundar, tuna kinu kilichooshwa, bibi aliyenuna na katoni ya samaki. Wakili yeyote atatucheka. Nataka aseme mwenyewe." Alitazama saa. Ilikuwa saa tisa. "Na nataka aseme kabla ya saa kumi na moja. Tuna fungu jingine la mizizi garini?"

*

Wakwe wa Rewa walikuwa wamekula na kushiba. Walisifu magimbi. Makopo waliyanyamazia, isipokuwa mzee mmoja aliyesema, kwa utani wa watu wa pwani, kwamba samaki huyu kwa kweli ametoka mbali. Wote walicheka. Semesa alicheka kuliko wote, halafu akatoka kwenda jiko la nje, kana kwamba ameitwa.

Ni kweli alikuwa ameitwa. Rokotui alimngoja humo, amekaa mkekani. Mbele yake palikuwa na bakuli la mti lililojaa yaqona iliyokorogwa tayari. Pembeni kilisimama kinu cha chuma cha silinda ya lori, mchi umo ndani. Goundar aliegemea mlango.

"Mkuu, asubuhi umetupokea vizuri. Hili ni fungu la kuagia. Keti."

Semesa alikaa. Macho yake yalikuwa kwenye kinu. "Mmetwangia wapi?"

"Si kinu hiki hapa? Kinasifika bonde zima. Kwanza nikuulize mawili matatu. Ijumaa, wakati wa mechi, ulikuwa wapi?"

"Ukumbini. Nyuma, karibu na mlango."

"Nani alikuona?"

"Mechi inachezwa, nani anamwangalia mtu wa nyuma?"

"Jibu zuri. Lakini jirani yako alisikia kinu chako."

"Nilipita nyumbani kidogo. Nilitwanga yaqona."

"Ulikunywa na nani?"

"Peke yangu."

Goundar alikohoa. Hakuna mtu Vunikura anywaye yaqona peke yake, hata mlevi.

"Haya, kiu ni kiu," alisema Rokotui. "Basi kinu hakina ubaya." Alichota kwa kifuu, akakijaza hadi ukingoni. Akapiga kofi moja kama desturi itakavyo. Akakiinua mdomoni.

"Usinywe!"

Semesa aliruka na kukipiga kile kifuu. Kiligonga ukuta, na yaqona ikamwagika kifuani na mapajani mwa Inspekta. Katika nyumba kubwa wageni walikuwa wakiimba.

"Kwa nini nisinywe, Mkuu?"

Mzee yule mwenye kifua kipana alijikunyata.

"Humo mlikuwa na utupa," alisema. "Nimekiosha mara saba. Sijui kama umetoka."

"Yaqona hii Goundar ameitwanga kwa Bibi Kelera. Kinu chako hatujatia kitu. Asubuhi ulituazimia kingine ili sisi tusidhurike. Nilijua usingeniacha ninywe." Alikausha mikono kwa sulu yake. "Wewe si muuaji, Mkuu. Lakini umeua. Nieleze. Na ujue kwamba utakayosema Sajini atayaandika, na yatasomwa mahakamani."

Semesa alianza polepole.

"Wakwe hawa kila tukikutana wananitania. Watu wa milimani, wanasema, samaki wenu ni wa kopo. Siku ya uchumba niliinuka mbele ya watu mia nikasema, njooni kwetu mle samaki hai, tunafuga wenyewe. Mdomo umeniponza. Nikamwomba shemeji. Akaninyima mbele ya watu."

"Alikuambia sababu."

"Aliniambia. Sikusikia sababu, nilisikia kunyimwa tu." Alijifuta uso. "Nikasema nitachukua arobaini, atadhani ni mkunga. Nilitwanga kiasi kilekile alichotwanga baba yangu. Kikapu kimoja. Mtoni samaki walilewa, tukaokota wa kutosha, waliobaki wakachukuliwa na maji, wakaamka huko chini. Hakufa hata mmoja bure. Nilidhani hawa nao wataamka."

"Mtoni maji yanakwenda, Mkuu."

"Ndiyo."

"Bwawa maji yamekaa."

"Nimelijua hilo nilipowaona wanapanda wote. Wote, Afande! Nikawapepea kwa mikono kama mwendawazimu. Nikawapeleka kwenye mfereji mmoja mmoja. Hawakuamka. Sikuchukua hata samaki mmoja. Nilikimbia."

"Na kwa nini ulimsingizia mjane wa ndugu yako?"

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama watoto wanavyolia. "Watu walinitazama mimi, mkuu wao, niseme neno. Nikasema lililokuja kwanza. La pili likaja kulitetea la kwanza. Leo asubuhi nimejikuta naitisha mkutano wa kutoboa kingo."

Rokotui alimwacha amalize kulia.

"Mkutano upo palepale," alisema. "Utakwenda. Utasema mwenyewe."

"Mbele ya wakwe?"

"Mbele ya wakwe."

*

Na alisema. Saa kumi na moja kamili, ukumbini, mbele ya kijiji chake na mbele ya Rewa. Hakupunguza neno. Mzee wa pwani aliyetania juu ya kopo aliinamisha kichwa, na inasemekana hajarudia utani ule tena.

Kisha Dokta Shaleni aliweka majani mawili ya mgomba juu ya meza. La kwanza lilikuwa na perege waliotoka barafuni, wa bwawa la pili, na makovu yao yaliyofunga. La pili lilikuwa na perege aliowavua saa ile ile kutoka bwawa la tatu, wale waliokula chakula kitupu. Vidonda wazi, macho yamevimba.

"Piteni mtazame wenyewe," alisema. "Msiniamini mimi."

Walipita mmoja mmoja, akina mama kwanza. Bibi Kelera aliwaangalia kwa muda mrefu, akagusa kovu kwa kidole. "Huyu kapona," alitangaza. "Mtu mwenye meno manne anaona, nyinyi mnangoja nini?"

Kesho yake samaki wa bwawa la tatu walianza kupewa chakula chenye dawa. Hakuna aliyezungumzia tena kutoboa kingo.

Kabla ya kupanda gari la polisi, Semesa alipiga magoti mbele ya Laisani akiwa na jino la nyangumi kwenye viganja viwili. Lilikuwa jino la urithi kutoka kwa baba yake, la rangi ya chai. Kwetu hakuna ombi la msamaha lililo kubwa kuliko hilo.

Laisani alilipokea.

"Nimekusamehe, shemeji. Kesi ya serikali ni ya serikali, lakini yangu imekwisha." Akasita. "Ila na mimi nina ombi."

"Omba."

"Naomba kinu chako."

Kinu kile kilikuwa fahari ya maisha ya Semesa. Lakini ndugu akikuomba, humnyimi.

"Ni chako," alisema.

"Ni kielelezo," alikatiza Rokotui. "Kesi ikiisha nitakileta mwenyewe, na kitasuguliwa mchanga siku nne kabla hakijagusa jani."

Hakimu wa mji wa Nausori alisoma maelezo ya Semesa kimya, mara mbili. Akampa miezi sita ya kazi za jamii, na jamii ikachagua kazi yenyewe.

Wiki tano baadaye Inspekta Rokotui alipanda tena barabara ile ya tope. Bwawa la pili lilikuwa limesafishwa na kutiwa vifaranga vipya. La tatu, perege waliruka juu ya maji kugombania chakula, mbavu zao zimefunga. Wakulima kutoka ng'ambo ya Mto Wainimala walikuwa wamekaa ukingoni wakingoja mgawo wao wa vifaranga na chupa za maji ya majani. Laisani alikuwa akiwafokea kwamba dawa ni ya kunyunyizia chakula, si ya kumimina bwawani kama supu. Sauti ilikuwa imemrudi, na Rokotui alifurahi kuisikia kuliko alivyotaka ionekane.

Kutoka nyuma ya kibanda ulitoka mlio. Ngo! Ngo! Ngo!

Semesa alikuwa kifua wazi, jasho linamtoka, anatwanga majani ya mpera katika kinu ambacho hakikuwa chake tena. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa Bibi Kelera. Alikuwa amevaa sulu safi, kifuu mkononi, na amekasirika.

"Afande, mshike tena huyu," alisema. "Mara hii ameniita. Nimevuka kijiji kizima kwa miguu yangu mibovu. Nafika, naambiwa ni dawa ya samaki!"